Ligi gani inalipa zaidi? Maswali ya mishahara ya wachezaji yasiyoisha kijiweni Ngamiani

Haya maswali nimeyaokota kijiweni kwetu hapa Tanga, Ngamiani, penye kahawa na kashata, na mengine kwenye banda umiza usiku wa Jumamosi mechi ikiwa mapumziko. Kila wiki yanarudi yaleyale na kila wiki kuna mtu anaondoka amenuna, kwa hiyo nimeamua kuyajibu mara moja. Kwenye dola nimetumia shilingi 2,500 kwa dola moja ili hesabu isitusumbue, kama benki leo wanasema vingine basi we rekebisha mwenyewe.

## Msingi

1. Hivi ligi gani inalipa zaidi duniani?

NBA, kikapu cha Marekani, kama unauliza wastani wa mchezaji mmoja kwa msimu mmoja. Ni zaidi ya dola milioni 10 kwa kichwa, yaani shilingi bilioni 25 na kuendelea, na hapo usifikirie mastaa tu maana anahesabiwa hadi yule anayekaa benchi anashika taulo. Hakuna ligi ya mpira wa miguu inayofika hapo, hata ya Uingereza.

Ila ukigawa kwa mechi badala ya msimu jibu linageuka (swali la 6), na ukiuliza timu moja moja linageuka tena (swali la 9). Ndo maana watu wanabishana mpaka kahawa inapoa, kila mmoja ana hesabu yake kichwani na hajamwambia mwenzie anagawa kwa nini.

2. Wastani wenyewe ni nini, mbona kila mtu anakuja na namba yake?

Unajumlisha mishahara yote unagawa kwa idadi ya watu, basi. Sasa chukulia kijiweni tuko tisa, boda, muuza samaki, fundi baiskeli, kila mmoja siku ikiwa nzuri anaingiza elfu 15. Akaja mwenye maroli akakaa kwenye benchi letu, yeye anaingiza milioni 3 kwa siku. Jumlisha gawa kwa kumi: wastani wetu umekuwa 313,500! Haya nenda kakope dukani kwa wastani huo uone.

Ndo maana mi huwa nauliza na mtu wa katikati, yaani ukiwapanga foleni kuanzia wa chini mpaka wa juu, yule aliyesimama katikati anapata ngapi. Kwetu bado ni elfu 15. Besiboli ya Marekani, MLB, mwanzoni mwa msimu wa 2025 wastani ulikuwa kama dola milioni 5.16 lakini mtu wa katikati alikuwa na milioni 1.35 tu. Umeona pengo? Wenye maroli wako wengi kule.

Na MLS, ligi ya soka ya Marekani anakocheza Messi, ndo usiseme. Chama cha wachezaji cha kule kinatoa mishahara hadharani, na mwaka 2024 Messi alikuwa na dola milioni 20.4 za uhakika wakati kima cha chini kabisa kilikuwa dola 71,401. Mshahara wa Messi peke yake ungelipa wachezaji wa chini zaidi ya 280, kwa hiyo mtu akikupa wastani wa Inter Miami, timu yake Messi, mwambie aanze upya.

3. Kwa nini NBA wakati dunia nzima inaangalia soka?

Hili napenda kulijibu kwa wavuvi wa Deep Sea maana hapa Tanga kila mtu analielewa. Chombo kikirudi, mnauza, mnatoa gharama za mafuta na barafu, kinachobaki mwenye chombo anachukua upande wake na mabaharia upande wao. NBA wanafanya hivyohivyo, kuna mkataba kati ya wenye timu na chama cha wachezaji kwamba wachezaji wanachukua kati ya asilimia 49 na 51 ya mapato ya ligi. Samaki wakiongezeka mgao unaongezeka wenyewe, hakuna haja ya kumlilia tajiri.

Na samaki wameongezeka kweli, kuanzia msimu wa 2025/26 wameingia mkataba wa tivii wa miaka 11 wenye thamani ya karibu dola bilioni 76.

Halafu angalia mabaharia wako wangapi. Timu ya NBA ina wachezaji 15 wenye mikataba kamili, pembeni kuna watatu wa mkataba mdogo. NFL, ile futiboli yao ya kuvaa kofia ngumu, ndo ligi inayoingiza pesa nyingi kuliko zote duniani, lakini chombo kimoja kina watu 53. Samaki wengi, mabaharia wengi zaidi, kifungu cha kila mmoja kinapungua.

4. Hicho kikomo cha mishahara wanachokitaja ni kitu gani?

Ni kiasi ambacho timu imeruhusiwa kutumia kwa mishahara msimu mmoja, na kinatokana na ule mgao wa swali la 3. Msimu wa 2025/26 NBA ni dola milioni 154.6, NHL ya hoki ya barafu ni milioni 95.5, na NFL kwa 2025 ni milioni 279.2.

Ila havifanani. NFL na NHL wamekaza kabisa, ukifika hapo umefika. NBA wamekilegeza, timu inaruhusiwa kupita ikiwa inambakiza mchezaji wake, ila ikivuka milioni 187.9 inaanza kulipa kodi ya ziada na ikizidi kupanda inabanwa hata kwenye usajili. MLB hawana kikomo, wana kodi tu ya wanaotumia sana, ndo maana matajiri wa New York na Los Angeles wanafanya wanachotaka.

## Tugawe wenyewe

5. Nawezaje kupata wastani bila kusubiri mtu wa mtandaoni anidanganye?

Chukua kikomo gawa kwa idadi ya wachezaji wa timu. Sio sahihi kwa senti lakini inakupa picha:

NBA 154.6 kwa watu 15 unapata kama milioni 10.3 (wenyewe iko juu ya hapo kwa sababu timu nyingi zinavuka). NFL 279.2 kwa 53 unapata milioni 5.3. NHL 95.5 kwa 23 unapata milioni 4.2. MLB haina kikomo kwa hiyo tumia ile 5.16 ya swali la 2.

Kuna mgosi mmoja kijiweni alibisha kwamba hoki hawawezi kulipwa mabilioni ya shilingi, "nani anaangalia watu wanateleza?" Mgosi, Kanada nzima inaangalia.

6. Na kwa mechi moja?

Hapa NFL anampiga NBA bila huruma. NBA wanacheza mechi 82 za kawaida, kwa hiyo milioni 10.3 inakuwa kama dola 125,000 kwa mechi. NFL ni mechi 17 tu, milioni 5.3 inakuwa dola 310,000 kwa mechi. NHL nao ni 82, wanapata kama 50,000. Besiboli mechi 162, yaani karibu kila siku wako uwanjani, inabaki kama 32,000.

Kwa hiyo we ukisema NFL wanalipwa zaidi na mwenzio akasema NBA, wote mko sawa, mmoja anahesabu msimu na mwingine anahesabu jasho. Mi binafsi naona kwa mechi ndo hesabu ya haki zaidi, ingawa mchezaji wa NFL atakwambia mazoezi na kuvunjwa mbavu hakuko kwenye hizo mechi 17.

7. Kriketi ya India nayo imo?

Imo sana, watu wanaidharau kwa sababu hapa mjini wanaocheza ni wachache. IPL inachezwa miezi miwili hivi. Kwenye mnada wa Novemba 2024 kule Jeddah kila timu ilikuwa na fungu la rupia krori 120, krori moja ni milioni 10, na Rishabh Pant akanunuliwa na Lucknow kwa krori 27, bei ambayo haijawahi kutokea pale.

Gawa 120 kwa watu 25, ambao ndo mwisho wa kikosi, unapata krori 4.8, kwa rupia 85 kwa dola inakuja kama dola 565,000. Ukiiangalia hivyo ndogo. Lakini hiyo ni ya miezi miwili! Ukiitanua iwe mwaka mzima unapata kama milioni 3.4, na ndo maana kwenye baadhi ya orodha za dunia unaikuta IPL imekaa juu juu na watu wanashtuka. Mi siipendi sana hesabu ya kutanua, maana hakuna anayelipwa hiyo miezi kumi iliyobaki, ni sawa na kumhesabia mchuma karafuu mshahara wa mwaka kwa pesa ya msimu wa mavuno.

## Ulaya na kelele zake

8. Mbona Uingereza wanataja mshahara kwa wiki?

Mazoea yao ya tangu zamani, mchezaji wa Kiingereza alikuwa analipwa kwa wiki kama kibarua wa kiwandani, na mpaka 1961 kulikuwa na kikomo cha pauni 20 kwa wiki kwa mtu yeyote, uwe fundi uwe gogo. Kikafutwa, sasa hivi mtu anapata hiyo akiwa anafunga kamba za viatu.

Utafiti wa Sporting Intelligence wa 2018 na 2019 uliweka wastani wa Premier League karibu pauni milioni 3 kwa mwaka, yaani kama pauni elfu 58 kwa wiki. Tangu hapo imepanda. Ligi ya Uingereza iko juu ya ligi zingine za soka kwa sababu hata timu ya mkiani ina hela za tivii, tofauti na Hispania ambako ukitoka Real na Barcelona na Atletico unakutana na watu wa kawaida kabisa.

9. Si ilisemwa Barcelona wanalipa kuliko timu yoyote duniani?

Ilikuwa kweli kwa *timu*. Kwenye huo utafiti wa swali la 8, Barcelona walikuwa wa kwanza duniani 2018 na 2019, wastani wa karibu pauni milioni 10 kwa mchezaji, wakazipita hata timu za NBA. Gazeti la El Mundo lilipovujisha mkataba wa Messi Januari 2021 tukaelewa kwa nini, hadi euro milioni 555 kwa misimu minne. Rudi kwa mwenye maroli wa swali la 2. Na klabu ilifika mahali ikashindwa kumsajili tena mwaka huohuo.

Timu moja kuwa juu haifanyi ligi yote iwe juu. Saudia ni hivyohivyo, Ronaldo alipoenda Al-Nassr vyombo vya habari vilitaja karibu euro milioni 200 kwa mwaka, lakini beki wa timu ya chini kwenye ligi ileile anaishi dunia nyingine.

10. Hizo pesa ni kabla au baada ya kodi?

Swali zuri na watu hawaliulizi. Uingereza na Marekani namba unayoisikia ni kabla ya kodi. Italia magazeti yana kawaida ya kuandika kinachobaki mkononi. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Milan anapata euro milioni 5 na mtu wa London pauni milioni 5, usiwaweke mzani mmoja, wa London anakatwa asilimia 45 kwenye sehemu kubwa ya hela yake. Saudia hakuna kodi ya mshahara. Marekani inategemea na jimbo, Texas na Florida hawana kodi ya mapato ya jimbo, California wanayo na inauma. Hapa kwetu kiwango cha juu ni asilimia 30.

11. Si tuangalie tu hesabu za klabu, zinatoka kila mwaka?

Zinatoka, ila kwenye fungu la mishahara yumo na kocha, daktari, mpishi, na mama wa mapokezi. Ukigawa lile fungu lote kwa wachezaji 25 unapata mshahara ambao hakuna anayeupata.

## Wanawake

12. Kwa nini mishahara ya WNBA, kikapu cha wanawake Marekani, imekuwa midogo hivyo?

Caitlin Clark alichaguliwa wa kwanza 2024 timu zilipokuwa zinagawana wachezaji wapya, mshahara wake wa msimu wa kwanza dola 76,535. Mwaka mmoja nyuma Victor Wembanyama alichaguliwa wa kwanza upande wa wanaume, dola milioni 12.16. Ni kama mara 159.

Watu wanakimbilia kusema viwanja havijai. Kuna ukweli kidogo, mechi ni chache (40 msimu wa 2024) na mapato ni madogo, lakini rudi kwenye mgao wa swali la 3. Wanaume wanachukua kama nusu ya mapato. Wanawake kwa mkataba wa 2020 walikuwa wanachukua sehemu ndogo sana. Hapo tatizo sio samaki tu, ni namna ya kugawa. Oktoba 2024 chama chao kilijitoa kwenye mkataba huo, na Julai 2025 wakavaa fulana kwenye mechi ya mastaa Indianapolis wakidai walipwe wanachostahili.

## Sisi hapa

13. Ligi Kuu yetu wastani ni ngapi?

Klabu hazitangazi na hakuna chama kinachoweka wazi kama kule MLS, kwa hiyo kila namba unayoisikia kijiweni imetoka kwa binamu ya mtu. Sitoandika hapa.

Kinachojulikana ni mkataba wa tivii wa Azam na TFF wa 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Gawa kwa miaka ni bilioni 22.56, tuseme zote zingeenda kwa klabu 16, ingawa haziendi zote, ni kama bilioni 1.4 kwa klabu kwa msimu. Sasa ule wa NBA wa swali la 3 kwa hesabu hiyohiyo ni dola milioni 230 kwa timu kwa msimu, shilingi bilioni 575. Kama mara 400. Kwa hiyo mtu akisema wachezaji wetu hawajitumi ndo maana hawalipwi, muulize samaki wako wapi.

14. Coastal Union yetu ya hapa Tanga, mabingwa wa 1988, walilipwa ngapi?

Hili linaulizwa na vijana kila timu ikicheza Mkwakwani. Wazee wetu wanasema enzi zile mchezaji alikuwa na ajira kiwandani au shirikani, mpira ni jioni, kwa hiyo mshahara wa mpira kama mpira hukuwepo kwa maana ya leo. Wagosi wa Kaya wakachukua ubingwa wa Bara hivyohivyo.

15. Anko, timu hainilipi mwezi wa tatu sasa, nafanyaje?

Pole mwanangu. Hata mi nimeshawahi kuahidiwa mshahara na timu moja siitaji jina, nikaishia nauli na soda, na sikuwa na karatasi yoyote. Kama we una mkataba wa maandishi, kanuni za FIFA za tangu 2018 zinasema ukidai mishahara ya miezi miwili unaweza kuandika barua ya kuwapa siku 15 walipe, wasipolipa unavunja mkataba kwa haki na bado unadai chako. Barua iwe ya maandishi na ubaki na nakala. Kama mkataba ni wa mdomo, kesi imekuwa ngumu kabla haijaanza.

16. Kuna Mtanzania ameshakula hizo hela kubwa?

Hasheem Thabeet, 2009, alichaguliwa namba mbili NBA na Memphis. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba! Na kule mshahara wa mwanzo unafuata namba ya kuchaguliwa, kwa hiyo msimu wa kwanza mtu wa Dar alikuwa anamzidi Curry mshahara. Curry msimu wa 2025/26 yuko kwenye dola milioni 59.6. Ila mwaka ule sisi tulikuwa juu, naomba iandikwe.

Samatta naye alifika Premier League Januari 2020 akiwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza.

## Maswali ya wabishi

17. Mtu wa NFL akisaini milioni 100, anazipata zote?

Sio lazima. Kule sehemu kubwa ya mkataba haina dhamana, timu ikikuacha mwaka wa pili zile za mbele zinayeyuka. NBA na besiboli mkataba kwa kawaida una dhamana. Ndo maana mi nikiona mkataba wa NFL naangalia kwanza fungu la dhamana, ile namba kubwa ni ya kupigia picha. Na huko hakudumiki, chama chao wenyewe kimekuwa kikitaja wastani wa miaka mitatu na kidogo kucheza.

18. Ohtani, yule staa wa besiboli, analipwa milioni 70 au milioni 2?

Vyote. Alisaini Dodgers ya Los Angeles Desemba 2023, dola milioni 700 kwa miaka 10, lakini kwa hiari yake anachukua milioni 2 tu kila mwaka, milioni 680 atalipwa kati ya 2034 na 2043 bila riba. Ukiweka 70 kwenye wastani umezidisha, ukiweka 2 umepunguza, ligi yenyewe kwenye hesabu ya kodi ya swali la 4 inamwekea kama milioni 46 kwa mwaka kwa sababu pesa ya kesho haina thamani ya pesa ya leo. Alifanya hivyo ili timu ibaki na nafasi ya kusajili wengine. Wenye upatu mtaani wanalielewa hili kuliko wachumi, anayepokea wa mwisho sio sawa na anayepokea wa kwanza.

19. Na mchezaji aliyestaafu anahesabiwa?

Kwenye wastani hapana. Ila yupo Bobby Bonilla wa besiboli, timu yake ya Mets ilitaka kuachana naye mwaka 2000 ikiwa bado na deni lake, wakakubaliana alipwe baadaye kwa riba, na tangu 2011 kila tarehe 1 Julai anaingiziwa dola 1,193,248 mpaka 2035. Hajagusa gongo la besiboli tangu 2001. Ni karibu shilingi bilioni 3 kila mwaka.

Nilipomaliza kuieleza hii kijiweni walikaa kimya kidogo, halafu mzee mmoja anayefuatilia mafao yake mwaka wa nne huu akaweka kikombe chini akauliza huyo wakala wake bado anachukua wateja.